RUTA MOJA, NYUMBA KUMI NA MBILI: NANI ASHIKE UFUNGUO?

Ndugu wafanyakazi, wazee waliokaa kambini tangu zamani bado wanalikumbuka sanduku la posta. Kambi nzima ilikuwa na sanduku moja tu, nalo lilikuwa la kampuni. Barua ya mama kutoka kijijini, barua ya ada ya shule, barua ya chama kutoka makao makuu, zote ziliandikwa nambari ile ile ya S.L.P. na zote zilipita mikononi mwa karani mmoja. Jumamosi, baada ya vipande kuhesabiwa, karani alisimama barazani mwa ofisi akiita majina. Aliyeitwa alishukuru. Asiyeitwa alirudi nyumbani bila kujua kama hakuandikiwa, au kama barua yake imelala katika mtoto wa meza. Wazee wanasema kwamba barua zenye muhuri wa chama zilikuwa na tabia ya kuchelewa.

Leo hatumngojei karani. Habari za chama, hesabu za akiba ya uzeeni, masomo ya watoto na salamu za nyumbani zote huja katika simu. Lakini katika kambi nyingi wafanyakazi wameanza kuchangia intaneti kwa kutumia mtambo mmoja uitwao ruta, na mtambo huo ndio sanduku la posta la siku hizi. Sisi wa tawi letu, katika mashamba ya miwa mashariki mwa Uganda, tumefunga ruta yetu wenyewe. Tunawaandikieni tulivyofanya na tulivyokosea, ili nanyi mkitaka kufunga yenu msianze na makosa yetu.

ILIVYOANZA

Kwanza ilikuwa shida ya fedha. Kila nyumba ilikuwa ikinunua bando la siku la shilingi 500. Mtu akitoa shilingi 500 haoni uchungu, lakini kwa siku 30 ni shilingi 15,000. Nyumba 12 za safu yetu zilikuwa zikitoa shilingi 180,000 kila mwezi, kila moja peke yake, kwa bei ya rejareja. Ni kama nyumba 12 kununua sukari kwa kijiko wakati gunia lipo dukani. Na kodi nazo hazikutusahau. Mwezi Julai 2018 iliwekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na mwezi Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, ikawekwa badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya bei ya intaneti.

Pili ilikuwa shida ya heshima. Palikuwa na waifai ya bure katika klabu ya wafanyakazi, iliyowekwa na uongozi wa shamba. Tuliipokea kwa shukrani, na hatukuona ubaya kupeleka matangazo ya mikutano yetu kwa njia hiyo. Kisha tukaingia katika mazungumzo ya malipo ya kipande, nayo yakawa magumu. Asubuhi moja ya Jumatatu, simu zetu zote pale klabuni zikasema neno la siri si sahihi. Tulipouliza tuliambiwa mtambo unatengenezwa. Ulitengenezwa muda wote wa mazungumzo, ukapona wiki ile ile mazungumzo yalipokwisha.

Hatuna ushahidi wa kumshitaki mtu, wala hatumshitaki. Mtambo ulikuwa wa mwenyewe, na mwenye mtambo huwasha na kuzima apendavyo. Lakini mkutano wa tawi uliofuata haukuhitaji hotuba ndefu. Kila nyumba ilitoa shilingi 15,000, jumla shilingi 180,000, tukanunua ruta na laini yake ya simu, na zilizobaki zikawa mwanzo wa bando la mwezi. Sasa kila nyumba hutoa shilingi 8,000 kwa mwezi mahali pa zile 15,000.

RUTA NI KITU GANI

Ruta ni kisanduku kidogo chenye kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kupokea intaneti kutoka nje. Ruta nyingine hupokea kwa waya uliovutwa mpaka nyumbani, na nyingine hupokea hewani kutoka mnara wa simu, kwa laini inayotiwa ndani yake kama inavyotiwa katika simu ya mkononi. Mashambani kwetu waya haujafika, kwa hiyo tulichagua ya laini. Kazi ya pili ni kuigawa intaneti hiyo kwa mawimbi ya redio, ndiyo hayo tunayoyaita waifai, ili simu nyingi zitumie kwa pamoja.

Huko nje, kambi yote inaonekana kama mtu mmoja mwenye anwani moja. Humu ndani, ruta huipa kila simu nambari yake. Simu ya mama wa nyumba ya tatu ikiomba ukurasa wa shule, ruta hupeleka maombi kwa anwani ile moja, hukumbuka ni nani aliyeomba, na jibu likirudi humpelekea mwenyewe. Hii ndiyo maana tunasema ni sanduku la posta pamoja na karani wake.

Wale ambao bado hawana fedha ya ruta wanaweza kujaribu kwa simu. Simu nyingi za kisasa zaweza kugawa intaneti yake kwa simu za jirani. Inafaa kwa watu wawili watatu, lakini betri hukauka upesi, na mwenye simu akienda shamba anaondoka na intaneti ya wote.

HATUA KWA HATUA

Hapana haja ya fundi. Anayeweza kusoma maandishi madogo na asiye na haraka anaweza kuifunga ruta kwa nusu saa.

Kwanza, tazama chini ya ruta. Kuna karatasi iliyobandikwa, nayo ina jina la waifai, neno la siri la waifai, anwani ya ruta yenyewe, na jina na neno la siri la msimamizi. Andika yote katika daftari kabla karatasi haijafutika.

Pili, kama ni ruta ya laini, itie laini kwanza katika simu ya kawaida uone kama ina bando, na uondoe nambari ya siri ya laini kama ipo. Kisha itie katika ruta, uchomeke umeme, ungoje dakika mbili mpaka taa zitulie. Tumia adapta iliyokuja nayo. Adapta ya redio inaweza kuingia katika tundu lile lile na kuiunguza, kwa sababu nguvu zake si sawa.

Tatu, chukua simu, tafuta jina la waifai lililo katika karatasi, uingie kwa neno lake la siri.

Nne, fungua programu unayotazamia intaneti, na pale juu panapoandikwa anwani, andika anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1. Utaulizwa jina na neno la siri la msimamizi. Sasa umo ndani ya ofisi ya ruta.

Tano, na hili lifanywe kabla ya lingine lolote: badili neno la siri la msimamizi. Maneno yanayotoka kiwandani yanajulikana dunia nzima, na mengi ni rahisi kama «admin». Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka katika intaneti ikijaribu orodha fupi ya maneno ya namna hiyo, ikateka kamera na ruta nyingi sana ambazo wenyewe hawakubadili kitu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo mitambo hiyo iliyotekwa ilitumiwa kuangusha huduma za intaneti zilizojulikana sana Marekani na Ulaya. Wenye mitambo hawakujua kwamba vyombo vyao vilikuwa jeshini.

Sita, badili jina la waifai na neno lake la siri. Jina lisitaje chama wala kambi, kwa maana kila anayepita njiani ataliona. Neno la siri liwe refu. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni magumu kubuniwa na ni rahisi kukumbukwa. Mahali pa kuchagua aina ya ulinzi, chagua WPA2 au WPA3. Usichague WEP, ambayo wataalamu walionyesha tangu mwaka 2001 kwamba inavunjika. Kama kuna kitu kiitwacho WPS, kizime.

Saba, tafuta mahali pa kusasisha programu ya ruta, uisasishe. Kisha iache.

MAKOSA YETU

Ruta yetu tuliiweka kwanza nyumbani kwa katibu, chini sakafuni nyuma ya baiskeli, kwa sababu ndipo soketi ilipokuwa. Nyumba ya katibu ni ya mwisho katika safu. Majirani wawili walipata, wa katikati walipata kwa kusimama mlangoni, na wa upande wa pili hawakupata kitu, ingawa walikuwa wamechanga sawa na wengine. Manung'uniko yalianza siku ya pili.

Tulijifunza kwamba mawimbi haya yana maadui. Mabati huyarudisha kama kioo kinavyorudisha mwanga, na pipa la maji huyameza. Ukuta wa matofali huyapunguza lakini huyaacha yapite. Basi tukaihamisha ruta mpaka nyumba ya sita, juu ya rafu karibu na dirisha, mbali na pipa la maji. Ruta zetu za siku hizi nyingi zina mawimbi ya aina mbili. Aina ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta, na ile ya 5 ina mbio lakini huchoka karibu. Kwa safu ya nyumba, 2.4 ndiyo kazi yetu.

Nyumba mbili za mwisho zilibaki dhaifu. Mwenzetu mmoja alikuwa na ruta ya zamani, tukaiunganisha na ya kwanza kwa waya wa mtandao, nayo ikawa msaidizi upande ule. Waya wa namna hiyo usizidi meta 100. Ukipita nje kati ya nyumba na nyumba, uwe ni wa kuchomolewa. Kwetu radi si mgeni, na waya mrefu uliotandazwa nje huleta radi ndani. Wingu likitanda, tunachomoa waya na umeme pia.

Kosa la pili liliuma zaidi. Bando la mwezi lilikwisha siku ya tisa. Lawama zikaruka huku na huku, vijana wakashutumiwa, nusura tupigane. Kisha mmoja wetu akafungua ofisi ya ruta akahesabu vyombo vilivyoingia. Vilikuwa 29. Neno la siri lilikuwa limetoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine, likafika kwa muuza mahindi, likavuka barabara. Tena simu zetu wenyewe zilikuwa zikipakua mapya ya programu usiku kucha bila kuulizwa. Na video ndizo zilizokula kuliko vyote. Maandishi na sauti hula kidogo sana, lakini saa moja ya video ya kawaida huweza kula karibu gigabaiti moja, na ile ya picha safi sana hufika gigabaiti tatu. Mtu mmoja akitazama mechi mbili za picha safi amemaliza chakula cha wengi.

KANUNI TULIZOZIWEKA

Tulikaa chini ya mwembe, tukaandika kanuni, zikabandikwa ukutani. Kila nyumba huandikisha simu mbili. Neno la siri hubadilishwa kila tarehe ya bando jipya, na nyumba huambiwa moja moja. Simu zote zimezimiwa upakuaji wa wenyewe. Video ndefu ni marufuku mpaka wiki ya mwisho, kama bando limebaki. Kuanzia saa 1 mpaka saa 3 usiku wanafunzi hutangulia.

Mtunza hazina huonyesha risiti ya bando mbele ya wote, kama anavyoonyesha ya mfuko wa mazishi. Na mwenzetu akiugua au akiachishwa kazi hakatwi. Husubiriwa miezi miwili, kisha mkutano huamua. Kanuni hii ya mwisho ilibishaniwa sana, lakini wengi walisema kwamba anayeachishwa kazi ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kutafuta habari.

UFUNGUO

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Ruta ina funguo mbili. Ufunguo wa waifai ni wa kuingia kutumia, na kila nyumba inao. Ufunguo wa msimamizi ni wa kuingia ofisini mwa ruta. Mwenye huo aweza kumwona kila aliyeingia na saa aliyoingia. Katika ruta nyingi aweza kuweka kumbukumbu za majina ya mahali simu ilipokwenda, aweza kufunga mahali fulani, na aweza kumtoa mtu. Yaliyomo ndani ya ujumbe wa WhatsApp hawezi kuyasoma, wala ya ukurasa wa benki, kwa sababu hayo husafiri katika bahasha iliyofungwa. Lakini bahasha yenyewe anaiona. Karani wa zamani naye hakuhitaji kufungua barua ili ajue nani anaandikiwa na chama.

Kwa hiyo, ndugu, mnapotumia waifai ya mwajiri, itumieni mkijua hivyo. Si dhambi kuitumia. Lakini msiifanye kuwa njia pekee ya shughuli za tawi, maana siku mnayoihitaji kuliko siku zote ndiyo siku ambayo mwenyewe anaweza kuizima.

Na je, ufunguo ukiwa wetu? Tulidhani hapo mambo yamekwisha. Mwezi wa tatu, wakati wa uchaguzi wa tawi, mwenzetu mmoja, mtu mwaminifu aliyelitumikia tawi miaka mingi, alileta shauri. Alisema kuna habari zinazovuja kwenda kwa manyapara. Akasema ruta ni yetu na tuna ufunguo, basi tufungue kumbukumbu tuone simu ya nani inakwenda wapi saa za usiku.

Mkutano ulinyamaza. Wengine walitikisa kichwa kukubali, na hatutawaficheni kwamba shauri lile lilitutamanisha. Ndipo mama mmoja, mpalilia miwa asiyependa kusema mikutanoni, akauliza: je, mwaka ujao viongozi wakibadilika, ufunguo huo utatazama simu ya nani? Akasema pia kwamba yeye humwandikia daktari wa mtoto wake usiku, na hapendi kuja kuulizwa mbele ya watu.

Tulipiga kura. Shauri lilikataliwa. Tuliukataa ukarani wa kampuni, basi tusijifanye makarani wa wenzetu. Kama kuna anayevujisha, na ajibiwe kwa hoja katika mkutano, na kama mazungumzo ni ya siri, yasemwe ana kwa ana.

Tangu siku hiyo neno la siri la msimamizi limegawanywa mara mbili. Nusu ya kwanza anaijua mtunza hazina, nusu ya pili anaijua mjumbe anayechaguliwa na mkutano, tena asiwe kiongozi. Ili kuingia ofisini mwa ruta hapana budi wawili hao wakutane, na hueleza walichofanya. Kumbukumbu za safari za simu zimezimwa. Nakala ya neno zima imo ndani ya bahasha iliyotiwa sahihi na watu watatu, katika sanduku la tawi. Ikifunguliwa bila idhini tutajua. Na likipotea kabisa, ruta ina kitufe kidogo nyuma. Ukikibonyeza kwa sindano sekunde kumi hivi, inarudi kama ilivyotoka kiwandani, mnaanza upya.

WENZETU WALIOTUTANGULIA

Hatukuvumbua sisi ushirika wa namna hii. Kaskazini mwa Uganda, tangu mwaka 2007, mradi wa BOSCO wa jimbo kuu katoliki la Gulu uliunganisha kambi za waliokimbia vita kwa mawimbi ya waifai ya masafa marefu na umeme wa jua. Katika Kibera, Nairobi, upo mtandao wa wakazi uitwao TunapandaNET. Na huko Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wanakijiji waliunda ushirika wa Zenzeleni, wakafunga mitambo juu ya nyumba zao wenyewe, na wakachaji simu za majirani kwa umeme wa jua.

Tahadhari mbili. Kwanza, kugawana ndani ya nyumba na kati ya majirani waliochanga si sawa na kuuza intaneti kwa umma. Biashara ina leseni zake, na kampuni ya simu nayo ina masharti ya laini yake. Yasomeni kabla ya kuanza. Pili, ruta haina nguvu kuliko mnara. Mwezi Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, ruta zote zilinyamaza. Kwa hiyo ubao wa matangazo wa tawi haujastaafu, na kengele ya reli bado inaning'inia mtini. Daftari la majina na nambari za simu za wanachama liendelee kuandikwa kwa kalamu.

Ndugu wafanyakazi, kufunga ruta ni kazi ya nusu saa, na hata mtoto wa darasa la saba anaweza. Kazi iliyotuchukua miezi mitatu ni ile ya kukubaliana nani achange, nani atangulie, na nani ashike ufunguo. Basi mkutanike kwanza. Andikeni kanuni zenu kabla hamjanunua mtambo, na neno la msimamizi lisikae kichwani mwa mtu mmoja, hata akiwa mtu mwema.

Umoja ni nguvu.